Hatua ya Pili Haikufika Beu

Mwalimu Syauswa Esdras alikuwa amefundisha darasa la pili miaka ishirini na sita kule Beu, mjini Beni, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hafundishi. Watoto wake walisimama, wakafungua kitabu, wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja. Wazazi walimsifu. Kanisani walimfanya mzee wa kanisa.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba imetenga pesa za kuwafunza walimu upya namna ya kufundisha kusoma na hesabu, Esdras aliona kama anatukanwa kidogo. Alikwenda Butembo kwa sababu directeur wake, mkuu wa shule Kitsa, ndiye aliyemchagua, na kwa sababu serikali ililipa usafiri na chakula, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi. Hatua ya kwanza ilikuwa siku kumi za kusoma. Ya pili, ya kumalizia kusoma na kuingia katika hesabu, ingefuata baada ya miezi minne.

Siku ya tatu mkufunzi wao, mwanamke mwembamba aitwaye Nadège, aliwaingiza katika darasa la shule moja ya hapo mjini. Msichana mdogo akasoma ukurasa wa mbuzi na kisima bila kukwama hata mara moja. Walimu wakapiga makofi. Nadège akaufunika ukurasa kwa karatasi, akaacha neno moja tu wazi, katikati.

"Hapa wameandika nini, mama?"

Mtoto akalitazama neno, akamtazama mwalimu wake, kisha akaanza upya kutoka juu, midomo ikicheza bila sauti, kidole kikihesabu hewani ili afike pale. Neno lilikuwa *kamba*. Akasema, "Kisima."

Walimu walicheka. Esdras naye alicheka, halafu akakitazama kidole cha mtoto. Kidole kile alikijua. Alikuwa amekiona miaka ishirini na sita, akidhani ni bidii.

"Hapana kucheka," Nadège akasema. "Uyu mutoto haiko mujinga. Ni sisi tulimufundisha kuimba kitabu."

Aliporudi Beu, Esdras aliwapima watoto wake vilevile, mmoja mmoja, siku mbili nzima. Walikuwa sabini na mmoja, maana watu waliokimbia vita vijijini walikuwa wamejaa mjini. Watano walilisoma neno lililoachwa wazi. Waliobaki walimtazama usoni.

Aliyemkaa rohoni hakuwa mmoja wa wale sabini na mmoja. Alikuwa binti yake mwenyewe, Keren.

Keren alipita katika darasa lake hilohilo, akafika la sita, akaolewa Kipese, kwenye milima ya viazi na maharagwe. Mume wake aliuawa barabarani, ndani ya lori lililochomwa moto. Matanga hayajaisha, ndugu za mume wakamletea karatasi, wakasema ni ya kulinda shamba lisinyang'anywe na wageni. Keren aliishika, akaitazama kwa muda mrefu, akaweka sahihi. Karatasi ilisema kwamba anaacha shamba na haki zake zote. Alirudi Beni na watoto wawili na mizigo kidogo, na baba yake akamfokea mbele ya watu: "Mutoto wa mwalimu! Umesoma, na bado uliweka sahihi!" Huu ulikuwa mwaka wa pili, wakiamkiana kanisani tu, kama majirani.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Keren, akamkuta akichekecha unga wa muhogo wa kupeleka sokoni.

"Keren, ile karatasi ya Kipese. Uliisoma?"

"Papa, ile mambo ilikwisha."

"Uliisoma?"

Mikono ya Keren ikasimama. "Niliona jina yangu. Jina yangu najua. Ingine yote ilikuwa tu maandiko." Akajifuta unga. "Siyue kusoma, Papa. Tangu zamani. Ku darasa lako nilikuwa nafwata sauti ya wenzangu. Na ile siku ku Kipese watu wote walikuwa wananitazama. Ningesema nini? Kama mimi, mutoto wa Mwalimu Esdras, siyue kusoma?"

"Na mimi nilikufokea. Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliona afazali uwaze kama niko mupumbavu, kuliko ujue kama haukunifundisha."

Esdras aliketi juu ya gunia. Kwa desturi ya kwao, ya Kinande, baba hamwombi mtoto wake msamaha kirahisi, lakini siku ile aliomba. Keren hakusema amesamehe, wala hakusema hapana. Alisema, "Sasa unaweza kunifundisha?"

Tangu hapo Keren alikuja darasani kila alasiri baada ya soko, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa meza. Esdras alikata makaratasi ya maboksi, akaandika juu yake *ba, ku, li, me*, kama kitabu cha mafunzo kilivyoonyesha. Alifundisha bila wimbo. Kufikia Pasaka, watoto arobaini na wanane waliweza kusoma neno ambalo hawajawahi kuliona, na Keren pia.

Lakini kitabu kiliishia pale sauti zinapoanza kuungana. *Mb, nd, ny, sh*, zote zilikuwa katika kitabu cha hatua ya pili. Mtoto aliweza kuandika *kuku*, hakuweza kuandika *nyumba*. Miezi minne ikapita, ikawa sita. Esdras akampigia Nadège simu.

"Mwalimu, ile pesa ilibakia ku papier, ku karatasi tu," Nadège akasema. "Banasema vita njo imeikula. Hata mimi balinifukuza kazi."

Mwezi wa Juni, Kitsa aliwaita walimu ofisini, akaweka mezani orodha yenye majina yao. Ilisema kwamba wote wamemaliza hatua ya pili, kusoma na hesabu.

"Banaiomba kule juu," Kitsa akasema. "Ni formalité tu, karatasi ya utaratibu. Tukikataa, shule yetu hawataiita tena ku mafunzo."

Esdras aliisoma mpaka mwisho. "Na tukiweka sahihi, watatuita juu ya nini? Hatua ya pili itakuwa imeisha kufundishwa."

Wenzake waliweka sahihi mmoja baada ya mwingine bila kumtazama. Kila mtu ana watoto. Yeye aliacha kalamu mezani, akatoka.

Mwezi wa Septemba alihamishiwa shule nyingine, nje ya mji, ambako madarasa mawili yalikuwa yamekaliwa na wakimbizi. Kitabu cha mafunzo alikirudisha, kwa kuwa kilikuwa mali ya shule. Alianza kutunga masomo ya zile sauti zilizobaki kwa akili yake, usiku anafuta, asubuhi anaandika tena, bila kujua kama ndivyo inavyofaa.

Njia ya kwenda huko hupita kati ya mashamba ya kakao, na mwezi uleule watu watatu walitekwa hapo. Esdras akawa analala hukohuko shuleni, akamkataza Keren kumfuata. Mpaka leo Keren anasoma polepole, peke yake, na akikuta neno lenye sauti zilizoungana, analiruka.