Msuka wa Kisu na Mfuko wa Kurudi Kaya

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo kiganja changu cha kushoto kinaikumbuka kuliko kichwa. Kukiwa na baridi kovu linavuta, nami naambiwa upya: ulikuwa mjinga.

Shule niliishia darasa la tatu. Sioni haya, maana nyumba hii ya tofali za kuchoma na ng'ombe unaowasikia nje havikutoka kwenye daftari. Lakini yapo niliyojifunza kwa damu wakati ningeweza kuyajifunza kwa masikio. Leo unakwenda machimboni Geita. Basi kaa kidogo.

Nilikuwa machimbo ya Mwakitolyo, kijana mwenye mabega, nachimba na wenzangu watano kwenye duara letu, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu. Pale kulikuwa na mwiko: mchimbaji hafungi mfuko wa kurudi. Ukikutwa umeweka kando chakula na kamba, unaambiwa unaiaga dhahabu, nayo ikiagwa inaondoka. Mzee mmoja wa duara letu alikuwa na mfuko wake, ameuning'iniza ukutani, na aliyemcheka kuliko wote ni mimi. Nilimwita Bwana Harusi, eti kila siku yuko tayari kusindikizwa. Yeye aliendelea kutafuna karanga zake.

Kisu nilikuwa nacho, tena cha kuringia. Nilikinunua gulioni Segese, kinang'aa kama kioo, mpini mwekundu. Muuzaji alikigeuzageuza juani. Na mimi, ambaye shimoni siamini jiwe linalong'aa mpaka lisagwe na kuoshwa, nikaamini kisu kwa kung'aa kwake.

Asubuhi moja ya masika ikaja habari kwamba mama anaumwa sana, ananiulizia. Kwetu ni ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mvua ilikuwa imekata njia ya gari. Niliondoka hivyo hivyo, kisu kiunoni. Bwana Harusi alinikimbilia na mfuko wake. Nikaukataa, maana wenzangu walikuwa wanatazama.

Udongo wa mbuga unaujua, ukilowa unakula viatu. Kabla ya adhuhuri mkanda wa katambuga yangu ya tairi ukakatika. Nikaketi kwenye kichuguu nitoboe lile tairi nipitishe mkanda upya. Nilipokandamiza, kisu kikachomoka mpinini kama jino la mtoto, makali yakageukia kiganja. Sikuwa na kitambaa safi, sikuwa na maji, sikuwa na kamba. Nilikuwa na mpini mwekundu.

Nikabana mkono kwapani, mguu mmoja peku, nikawaza: mama ananiita, na mimi nimeshindwa na kiatu.

Aliyenikuta ni Bibi Kabula, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akichunga mbuzi. Nikamwamkia shikamoo mayu, kama tunavyowaita mama zetu. Akaitikia marahaba, macho yake yako kwenye damu. Nikamwambia natoka machimboni, mama yangu anaumwa, ananiita. Alifungua mfuko wake wa kitenge, akaosha jeraha kwa maji ya kibuyu, akachana kitambaa, akafunga. Kisha akatoa kisu cheusi, kibaya cha sura, kilichofuliwa kwa springi ya lori, akatoboa katambuga mara moja tu. Alipomaliza akaokota kile changu, akachungulia tundu la mpini.

"Msuka wake uko wapi?"

Msuka ni ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini. Wa kwangu ulikuwa mfupi kama ukucha, umegandishwa kwa gundi. Wa kwake ulipita mpini wote ukatokea nyuma.

"Wewe mchimbaji unajua mali iko chini," akasema, "kisu ukakiangalia juu. Na wewe mwenyewe, baba, msuka wako ni kaya. Asiyejiandaa kurudi kaya anachomoka hivi hivi."

Kaya kwa Kisukuma chetu ni nyumbani. Nikamweleza ule mwiko wa machimboni. Alicheka mpaka mbuzi wakageuka.

"Dhahabu haina masikio, baba. Mwenye masikio ni mama yako, anasikiliza mlango."

Akanivika mfuko wake begani, na kisu na kibuyu ndani, akarudi kwa mbuzi zake.

Nilifika jua likizama. Mama alikuwa bado anaongea. Alipokiona kiganja akasahau ugonjwa wake, akanigombeza, akataka kitambaa kingine anifunge yeye kwa mkono wake. Nilikaa naye siku tatu, ya nne tukamzika. Siku tatu hizo, mwanangu, sizibadilishi na duara lolote.

Nilipompelekea Bibi Kabula mfuko wake, alipokea kibuyu tu. Vingine akasema nimpe atakayeondoka kwangu. Bwana Harusi naye nilimwomba radhi. Akanisogezea karanga.

Basi sikia. Akiba haiozi. Kisu usinunue kwa macho. Kigonge mpini; kikilia kalakala, kiache. Tazama msuka upite mpaka mwisho, mgongo wa chuma uwe mnene, urefu usizidi kiganja na nusu. Kikae mfukoni ndani ya ala, si kiunoni, maana avaaye kisu kiunoni hukutana na ugomvi asioutafuta. Mfukoni weka maji, kamba, kiberiti ndani ya nailoni, kitambaa safi, kitenge cha kujifunika, tochi, na namba zetu kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzimika. Chakula chukua matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Michembe iache, hiyo hukaushwa mbichi, inataka sufuria, na njiani hakuna jiko. Watakaokucheka waache wacheke. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa na dhahabu mfukoni.

Mfuko wa Bibi Kabula ndio huu, na kisu chenyewe ndicho hiki, cheusi bado. Vipokee kwa mikono miwili. Mungu akutangulie shimoni, akushike mkono njiani, na mlango huu ukusikie ukirudi kabla masikio yangu hayajaziba.