Kabureta na Injini ya Shemeji

Kuna wivu wa mapenzi, huo una nyimbo zake na washauri wake redioni. Halafu kuna wivu wa gari. Huo hauna mtu wa kumwambia. Fundi mmoja, gereji nzima inamwita Kabureta, ulimkamata akiwa na miaka arobaini na saba, mtu mzima, baba wa watoto watatu, ukamfanyisha kitu ambacho mpaka leo akikikumbuka anajikuna shingo.

Jina la Kabureta alipewa kwa sababu ya gari lake. Jekundu, milango miwili, refu mbele fupi nyuma, kiti cha dereva kiko chini mpaka ukikaa unahisi unaburuza makalio barabarani. Gari la zamani la mbio. Injini yake ni ile ile ya kuzaliwa nayo, yenye kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na mwenyewe ameishusha na kuipandisha mara tatu kwa mikono yake. Kila Jumapili anafungua boneti, anatega sikio, anazungusha skrubu robo, anasikiliza tena. Kwa miaka kumi na minne, yeyote aliyekanyaga gereji ile alisimama pale kwanza, akauliza ni la mwaka gani, akatingisha kichwa. Kabureta alijifanya hasikii. Alikuwa anasikia yote.

Sasa shemeji yake, mdogo wa mkewe, naye ni fundi, lakini wa umeme wa magari. Anafanyia kazi mita sita tu kutoka kwa Kabureta. Mtu wa miaka thelathini na moja, mpole, ana laptop iliyovunjika kona. Siku moja akaingiza gari kwa kusukumwa. Aina ile ile. Milango miwili ile ile. Jeupe, limeliwa na kutu juu ya magurudumu, na ukifungua boneti hamna kitu, shimo tupu. Kabureta alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia shemeji amenunua banda la kuku lenye usukani.

Kicheko kiliisha wiki ya tatu, injini ilipofika. Ndogo, ya kisasa, imetolewa kwenye gari la familia lililogongwa nyuma, na ubavuni ina tabo, kile kikonokono cha chuma kinachozungushwa na moshi ili kiishindilie injini hewa. Nguvu yake karibu mara mbili ya ile ya Kabureta, na mafuta inakunywa nusu. Shemeji akaanza kazi. Akachonga vishikio vipya vya injini, akarefusha waya mmoja mmoja, akaisogeza mbele rejeta ya kupozea injini kupata nafasi.

Na watu wakahama. Hiyo ndiyo iliuma. Wale wale waliokuwa wakisimama kwenye jekundu sasa wanalipita kama wanapita pipa la taka, wanakwenda kuinamia jeupe. Hata fundi rangi, rafiki yake wa miaka yote, alionekana kule ameshika tochi. Mteja mmoja alimpa Kabureta ufunguo bila hata kumtazama, macho yakiwa upande wa pili. Nyumbani nako hakuna nafuu. Mkewe anapakua chakula huku anasimulia injini ya mdogo wake, eti leo wamefunga bomba la hewa, eti leo taa za dashibodi zimewaka zote. Mwanamke ambaye miaka yote aliliita gari jekundu "hilo dubwana lako" leo anajua tabo inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kabureta anatafuna. Anaomba chumvi. Chumvi iko mbele yake.

Pale gereji wana utaratibu wao. Injini iliyofungwa upya haiwashwi mpaka fundi mwingine aikague, kwa sababu macho yaliyofunga kitu hayaoni kosa lake. Anayekagua akiridhika anafunga boneti, anaigonga mara mbili kwa ngumi. Ukishagonga umesema kazi ni nzima na umeiweka chini ya jina lako. Hakuna karatasi. Na ngumi ya Kabureta ndiyo iliyoaminika kuliko zote, haikuwahi kukosea.

Jumanne shemeji akamwita akague.

Alikwenda kutafuta kosa, tusidanganyane. Akaanzia mbele, akashika kila nati, akavuta kila waya. Hakuna kinachocheza. Waya zimezungushiwa tepu nadhifu kama nywele zilizosukwa. Kila alichogusa kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilimchoma. Alikuwa ameshaanza kukata tamaa, ndipo akalala chali chini ya gari na tochi, akauona mpira wa oili.

Tabo inapelekewa oili kwa presha, lakini ikishamaliza kazi oili hairudishwi na kitu, inadondoka tu yenyewe, inapita kwenye mpira mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo mpira lazima ushuke moja kwa moja. Sasa gari hili la zamani lina chuma cha usukani hapo hapo njiani, na shemeji, mtu wa umeme, akaupitisha mpira juu ya chuma kama anavyopitisha waya. Waya haujali kupanda. Oili inajali. Ukiendesha taratibu huoni kitu. Ukikanyaga mafuta, oili inajaa, inakosa pa kwenda, inavujia kwenye bomba la moshi, inaungua.

Kabureta aliweka kidole pale pale ulipopinda. Akakaa hivyo.

"Vipi shemeji, tuko sawa?"

Akatoka chini. Akajifuta mikono. Akafunga boneti, akaigonga mara mbili.

Injini ikawaka, ikanguruma laini, watu wakapiga makofi. Shemeji akamkumbatia, grisi kwa grisi. Kabureta akajiambia atasema kesho. Jumatano akajiambia haraka ya nini, gari bado halijafungwa viti. Alhamisi akakuta watu kumi na mmoja wameliinamia, akasema ngoja kwanza. Ijumaa hakujiambia kitu.

Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya barabara. Kitu ambacho Kabureta hakukipigia hesabu ni mkewe, ambaye alitokea amevaa vizuri, akafungua mlango wa abiria, akaingia. Kabureta alitaka kumwambia ashuke. Akakosa sababu ya kutoa. Gari likatoka getini, likapinda, likaanza kupanda kilima cha hospitali, na tabo ikapiga mluzi. Mluzi mtamu. Kabureta aliuchukia wote, mwanzo mpaka mwisho. Halafu ukakatika.

Walirudi wanasukumwa, moshi wa bluu unatoka nyuma kama wamechoma godoro. Mkewe anakohoa, leso puani. Shemeji akakaa juu ya tairi. Watu wakaanza: tabo imekufa, umeuziwa mzoga, injini za ajali ndivyo zilivyo. Kabureta alikuwa amesimama kando ya jekundu lake, na kwa dakika kama mbili hivi alisikia raha. Raha kabisa, mpaka kwenye vidole.

Shemeji akasema amemaliza. Mchana huu huu anaishusha injini, yenyewe na gari vinakwenda kwa wakata vyuma, yeye anarudi kwenye waya zake. Fundi rangi akamsihi asifanye hasira, pengine kuna kitu kimefungwa vibaya.

"Hakuna," shemeji akajibu. "Aliyekagua ni Kabureta. Kabureta akigonga amegonga. Ubovu uko ndani ya tabo."

Raha ikaishia hapo. Injini nzima isiyo na ugonjwa inakwenda kukatwa vipande kwa sababu watu wanamwamini. Akinyamaza, ameshinda: jekundu linabaki peke yake, watu wanarudi, na hakuna atakayejua.

Lakini mkewe alikuwa anamwangalia. Huyu mwanaume, gari likitoa moshi popote pale, hata la mtu asiyemjua, lazima ainame. Aliwahi kuinama na suti ya harusi. Leo amesimama wima kama mlingoti.

"Mbona hujainama?" akamuuliza.

Hakupaza sauti.

"Tabo ni nzima," Kabureta akasema. "Ni mpira wa kurudisha oili. Umepanda juu ya chuma."

"Umeonaje na wewe umesimama huko?" shemeji akauliza.

"Niliuona Jumanne."

Fundi rangi akaanza kuangalia viatu vyake. Mkewe akaitoa leso puani, akamtazama mumewe kuanzia utosini hadi miguuni, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Shemeji akainuka kwenye tairi.

"Siku nne, shemeji. Na dada yangu ukamwacha apande."

Kabureta akaliacha jekundu, akasogea mpaka kwenye jeupe.

"Ungesema tu una wivu. Ningekucheka, tukaendelea na kazi."

"Ninao mpaka sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Shemeji akavuta jeki, akaliinua jeupe, akaingia chini mwenyewe. Kutoka huko akauliza mpira upite wapi. Kabureta akapiga magoti, akamwelekeza: sampu itobolewe upande wa kushoto, mpira ukatwe nusu, ushuke wima. Akaomba aingie yeye, atamaliza haraka. Shemeji akamwambia akae hapo hapo alipo, aseme tu. Basi akakaa, magoti kwenye oili, anaelekeza mikono ya mtu mwingine. Na hata hapo, alichokuwa anakiona ni jinsi mikono ile inavyokata vizuri, na jinsi jioni injini ile itakavyokipanda kile kilima bila tone la moshi.