Nilimjibia Mke Wangu kwa Daktari

Nianze na kosa, maana nikianza na habari nyingine nitazunguka mpaka jioni. Mimi ndiye niliyemvunja mke wangu nyonga. Sikumpiga. Nilimjibia tu.

Huku kwetu mlimani, juu ya mji wa Kikatiti, kuna daktari mwenye zahanati yake. Ni mtoto wa hapahapa. Mimi na baba yake tulibatizwa siku moja, na ng'ombe wa huyo baba aliwahi kunilia migomba nikasamehe, lakini hilo tuliache. Mwaka jana daktari akatuambia anafanya utafiti wa kidonge cha presha kwa wagonjwa wake mwenyewe. Anayekubali anakimeza, kila mwezi anaulizwa hali yake, inaandikwa. Tukakubali, mimi na mke wangu.

Mimi hakikunisumbua. Mke wangu kilimpa kizunguzungu. Akiinuka, anashika ukuta. Nikamwambia ni uzee.

Siku ya kuulizwa ikafika. "Shikamoo baba, shikamoo mama," daktari akasema, akashika karatasi. "Mama, tangu uanze kidonge, habari za kichwa?"

Nikaona mke wangu anavuta pumzi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nzuri," nikasema mimi.

"Nimemuuliza mama."

"Huyu ana nguvu bwana, jana kanifukuza jikoni."

Daktari akacheka, lakini kalamu haikushuka. "Mama? Kizunguzungu hakuna?"

Mke wangu akanitazama. Nami nikamkazia macho.

"Hakuna," akasema.

Ikaandikwa.

Niliwaza hivi: mtoto wetu kahangaika, ndiye anayetutibu, leo tumwambie dawa yake mbaya, tena aiandike kwa mkono wake? Angekuwa mgeni wa kutoka mjini ningemwambia bila kupepesa. Huyu nilimwonea haya.

Njiani mke wangu akasema, "Umenikanyaga."

"Ni heshima."

"Heshima ya nani?"

Nikaongeza mwendo.

Wiki ya pili alikuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Nikasikia mundu umegonga jiwe, kisha kimya. Nikakimbia, nikamkuta chini: kizunguzungu kimemwangusha, nyonga imevunjika.

Daktari alikuja mwenyewe. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Baba," akasema, "mngeniambia, ningemsimamishia kidonge siku ileile. Sasa sijui ni wangapi wengine wamenijazia karatasi kwa heshima." Akasimamisha kidonge kwa wote, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza upya. Wapo wengine waliokuwa wanashika kuta.

Mke wangu sasa anatembea na fimbo. Shamba la kahawa analitazama akiwa mlangoni. Siku ya zahanati namfikisha, anaingia peke yake, anafunga mlango, nami nakaa kwenye benchi. Huwa anakawia. Miaka yote hii sikujua kama ana mengi hivyo ya kusema.

Wazee wenzangu, daktari anayeuliza hali yako hakusalimii, anakuuliza. Mwambie panapouma. Na akiulizwa mkeo, wewe toka nje.