Mume Wangu Ameacha Kupiga Picha Chini ya Bahari kwa Sababu ya Uongo Wangu

Bwana Mhariri, naomba jina langu ulifiche, maana nakala moja ya gazeti lako hapa husomwa na kambi nzima. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, niliolewa kanisani, nina mtoto mmoja wa kike. Tunakaa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, Ruiru, upande wa kwenda Thika. Nimekosea, na naendelea kukosea kila siku ninaponyamaza.

Mume wangu alianza kazi kwa kumwoshea Bwana gari. Bwana huyu, Mzungu mwenye shamba, ana wazimu wake mmoja: kupiga picha samaki chini ya bahari, tena usiku. Hujifunga chupa za hewa mgongoni, kamera ameifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kioo, akazama. Mazoezi alikuwa akifanya hapa kwenye bwawa la shamba, mume wangu akiwa ukingoni ameshika kamba. Mwishowe akamfundisha naye kuzama, maana alihitaji mtu wa kumshikia taa huko chini. Kila likizo wakawa wanakwenda pwani pamoja. Bwana ndiye aliyemtafutia ruhusa, kwani siku hizi za hali ya hatari safari ya Mkikuyu si jambo la mchezo.

Sasa, sisi Wakikuyu hatuli samaki. Wazee wetu humhesabu kuwa ndugu wa nyoka. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, hata sufuria iliyopikiwa samaki hawezi kuigusa. Alijua kijana wake huenda pwani na Bwana, akafikiri ni kubeba mizigo tu. Sisi tulimwacha afikiri hivyo.

Safari moja mume wangu alirudi na picha aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe. Macho yalikuwa yakimeta.

"Mama Njeri, hebu ona," akaniambia. (Njeri si jina la mtoto wetu.) "Shule walikuwa wanatuambia mtu analala kama pono, nikadhani ni maneno tu. Kumbe huyu pono analala kweli! Anatoa ute mdomoni, anajifunika nao mwili mzima kama shuka. Nimemmulika na taa, hata hajashtuka. Bwana akanipa kamera, akaniambia, huyu mpige wewe."

Alizungumza mpaka chai ikapoa. Hakuniuliza mavuno ya kahawa yalikwendaje wala mgongo wangu unaendeleaje. Niliona wivu, wivu wa samaki aliyelala. Chekeni mkitaka.

Wiki hiyo Njeri akaugua. Nilikuwa nimempa mapera mabichi atulie nikichuma kahawa, naye akayala yote. Akatapika na kuhara. Mama mkwe akaniuliza, "Mtoto amekula nini?" Nikasema hajala kitu. Akauliza tena, "Basi ameshika nini?"

Ningesema mapera, yangeishia hapo. Lakini niliogopa kuitwa mama mzembe, na ule wivu ulikuwa bado umenikaba. Nikaenda nikaitoa ile picha. "Amekuwa akicheza na hii, Maitu. Baba yake huingia huko kwenye maji, usiku, wanakolala hao samaki."

"Ngai!" akapiga kelele. "Kumbe tunalala na hii kitu ndani ya nyumba! Hii ni thahu!" Maitu kwetu ni mama, na thahu ni unajisi unaoleta ugonjwa. Kondoo wa kuitakasa nyumba alichinjwa kimyakimya ili watu wa kanisa wasisikie. Njeri akapona, kama mtoto yeyote anavyopona mapera yakishamtoka, na mama akaamini zaidi.

Ndipo alipomwita mume wangu mbele ya meko. "Mimi ndio nilikuzaa. Ukiingia hiyo maji tena, usiniite mama, na usishike mchanga wa kaburi yangu." Kwetu neno kama hilo la mzazi ni laana. Si pasta wala wazee wanaoweza kuliondoa. Aliyelisema ndiye hulirudisha kwa kinywa chake, akiwa hai.

Mume wangu aliitia picha motoni yeye mwenyewe. Kwa Bwana alisema ameanza kuogopa maji, kwa sababu hakutaka kumtaja mama yake kwa Mzungu. Siku hizi anapogoa miti ya kahawa. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Siku moja nilimkuta ameuzamisha uso ndani ya karai la kuogea, macho wazi. Akajifuta haraka, akasema anaosha vumbi.

Sasa Bwana anauza shamba ahamie pwani, akafanye kazi hiyo ya picha tu. Amemwambia mume wangu nafasi yake ipo mpaka siku ya kuhama. Yeye amekataa. "Neno la mama ni neno la mama," akaniambia, akaendelea kunoa kisu chake.

Na mama ni mgonjwa wa kifua. Hospitali ya Thika wamemrudisha nyumbani. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Kila asubuhi hunitemea mate ya baraka kiganjani, anasema, "Wewe ndio uliniokolea kijana. Bila wewe hao vitu wangekuwa wamemkula." Nami hujibu, "Asante, Maitu." Nikitoka nje huona aibu hata kumtazama mtoto wangu.

Nikimwambia ukweli, huenda akageuza laana iniangukie mimi. Nikimwambia mume, anaweza kunirudisha kwa baba yangu, na sitamlaumu. Nikinyamaza, mama ataondoka na neno lake, na mume wangu atabaki kwenye miti ya kahawa maisha yake yote kwa sababu ya mapera.

Wasomaji, nishaurini, hata kwa ukali. Nianze na nani, na nianze na neno gani? Msikawie kunijibu. Jana mama alikuwa bado anazungumza. Leo ananishika mkono tu.