Kamba Nyekundu Iliyoogopwa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Nje bado giza, kama kawaida ya majira ya baridi huku kaskazini ya mbali. Ndani ya kiwanda cha samaki taa zinaumiza macho. Oddny Brattli, 46, hawatazami chewa wanaopita mbele yake kwenye mkanda. Anatazama kifuniko cha mashine ya kuchuna ngozi. Bolti moja imetoka na kifuniko kinacheza. Vidole vya rafiki yake Magnhild viko shibiri moja tu kutoka kwenye kisu.

Juu ya Oddny inaning'inia kamba nyekundu. Ukiivuta, mkanda wote unasimama.

"Shoga, usithubutu," Magnhild anamwambia bila kuinua uso. "Herdis umeshamsahau?"

Nani amsahau Herdis? Majira mawili ya baridi yaliyopita aliivuta kamba hiyo baada ya kusikia mlio asiouelewa. Fundi hakuona kitu. Wala Herdis hakufokewa. Ila Ijumaa, ratiba ilipobandikwa mlangoni, alikuwa amepangiwa ghala la barafu, siku mbili kwa wiki badala ya tano. Kabla ya Pasaka alishahama kisiwa.

"Hatukukatazwa na mtu," anasema Oddny. "Tuliisoma tu ile karatasi, kila mtu akashika adabu yake."

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Wafanyakazi wote thelathini na mmoja walitia zao maji, na kamba haikuguswa tena.

Kisha, Novemba, Jostein wa meza ya pili akakatwa vidole viwili. Kifuniko cha mashine yake kilikuwa kimelegea tangu asubuhi.

"Nilikiona, nikanyamaza," anasema Oddny. "Mkono wake uleule ndio ulionibebea jeneza la mama yangu. Najionea haya mpaka leo."

Na leo kifuniko kinacheza tena. Oddny anavuta.

Mkanda unasimama. Hakuna anayemtazama yeye. Wote wanamtazama Sverre, msimamizi, anayeshuka ngazi taratibu.

"Nani?"

"Mimi, bosi."

Sverre anagusa kifuniko. Kinabaki mkononi mwake. Anatazama saa.

"Kukifunga upya, dakika ishirini zitapotea, Oddny."

"Na vidole vya Magnhild vipo kumi, bosi. Vihesabu."

Mtu anacheka, kisha anakimeza kicheko chake.

Ijumaa karatasi inabandikwa. Oddny Brattli: ghala la barafu, siku mbili.

Jumatatu yuko huko, anachota barafu kwa koleo. Ujira wa siku mbili hautoshi hata kodi ya nyumba, na hafichi kwamba anaogopa.

"Lakini niliwaambia wenzangu wakati wa kahawa," anasema. "Kikilegea, vuta. Usiningoje mimi."

Ghafla mngurumo wa mkanda unakatika. Oddny anasimamisha koleo. Nyuma ya ukuta inasikika sauti ya Sverre.

"Nani tena?"

"Mimi," anajibu Magnhild.

"Na mimi," inadakia sauti nyingine, kisha nyingine, na nyingine tena.

Oddny anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ghala hili linaingia watu wanne," anasema. "Nataka nione hao wengine atawaweka wapi."