Kijiko Kilichoharibu Jemu ya Babu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na siku hiyo naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Usinicheke kwamba nakuita mwanangu na bado niko na kaptula ya shule. Uzee ni makosa, si ndevu, na kwa makosa mimi nimewashinda wewe na Form One yenu yote.

Koko, nyanya yangu, alikuwa akipika jemu bila sukari. Babu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alimkataza kila kitu kitamu isipokuwa, nadhani, kanisa. Jemu ya Koko, kijiko kimoja kila asubuhi, ndiyo utamu pekee aliobaki nao.

Koko alichemsha mapapai na mapera kwa maji ya ndimu, akikoroga mpaka mwiko usimame. Chupa nazo alizichemsha, akazijaza jemu ikiwa moto, akazifunga, akazipindua kichwa chini juu ya kitambaa. Halafu akanitazama. "Sukari husamehe uchafu. Hii haisamehe. Usiguse."

Sasa kumwambia kijana asiguse, si ni kumwonyesha mahali? Siku moja, Babu akiwa amelazwa hospitali, nilibaki nyumbani peke yangu, mimi na pundamilia waliokuwa wakipita nyuma ya choo. Nilifungua chupa zote tano, nikala vijiko viwili viwili, kwa haki, isije moja ikalalamika. Kisha nikajazia maji ya mtungi, nikakoroga na kijiko kile kile nilichokilamba, nikafunga. Nilijiona profesa.

Wiki mbili baadaye Babu alirudi kutoka hospitali ya Kajiado, amekonda, wageni wa kanisa wamejaa sebuleni.

"Mama, huko nimenyweshwa uji kama ndama," akamwambia Koko. "Nipe mkate na ile yako."

Koko akafungua chupa. Psss! Povu likamwagika, na harufu ya busaa.

Nami nikaona nafasi yangu. "Koko, hii ni jemu ama siku hizi unauza pombe?"

Wageni walicheka wakashika mbavu. Babu alitabasamu, akala mkate mkavu. Koko alifungua ya pili, ya tatu, zote. Akaangalia mikono yake. "Imezeeka," akasema. Jemu akaimwaga shimoni, mwiko akampa jirani. Hakupika tena.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Miezi minane nilinyamaza, nikila mkate mkavu kando ya Babu kana kwamba hiyo ni toba. Kila asubuhi nilisema, kesho. Kesho moja Babu hakuamka.

Baada ya mazishi nilimwendea Koko akichambua maharagwe, nikamwambia yote, bila utani.

"Kijiko kilikuwa na mate?"

"Ndiyo, Koko. Na nilitia maji."

Akaigeuza mikono yake, juu na chini.

"Babu yako alikuwa akinipa pole mpaka mwisho. Amekufa akidhani ni mimi niliyeiharibu."

Akarudi kwa maharagwe. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Basi mwanangu, ukiharibu kitu, sema kikiwa bado mezani, mbele ya walewale uliowachekesha. Ukingoja, utakiri kwa aliyebaki, na aliyeondoka ameondoka na uongo wako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kuliko wa kuchekesha, na wazee wako wakae mezani mpaka umalize kusema.