Masale ya Vuga

Mdogo wangu Salimu, niliyemlea mwenyewe baada ya mama kufariki, alimpenda binti wa Vuga, kule Usambara walikokaa wafalme wa kale. Wazee wa kiume hatuna, kwa hiyo posa niliipeleka mimi, dada mtu. Nilitoka kwetu Ngamiani, Tanga, alfajiri, kejeli tele mdomoni: makao makuu gani hayo ya wafalme, hata gofu la ukuta hayana?

Mombo nilibadilisha gari. Soni mvua ikanikuta, na huko juu njia ilikuwa tope tupu.

Vuga alinipokea baba wa binti, Mzee Shekiondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kwa wafalme wako!" akatania.

Tukipita migombani akanieleza. Kutoka hapo Wakilindi, ukoo wa wafalme, walitawala milima yote hadi pwani, na majumbe wetu, watawala wa miji ya pwani, walipanda huko kuthibitishwa. Nyumba za mfalme zilikuwa za miti na majani, zikaungua vitani. Nikacheka.

"Sisi pwani, kule Tongoni, hata makaburi ni ya mawe, mzee wangu!"

Akatangulia mbele.

Karibu na nyumba yake niliona mimea ya majani marefu imeota pamoja. Nisiingie ukweni na tope, nikajiambia. Nikachuma majani mawili, nikafuta viatu.

"Uwii! Masale ya babu!" alipiga kelele mama wa binti, kasimama mlangoni.

Lilikuwa kaburi la baba yake Mzee Shekiondo. Kwao hawajengi, hupanda masale, na hayachumwi ovyo. Ningeona jiwe ningepita mbali. Sikuona kitu, kwa kuwa nilishaamua tangu Tanga kwamba huko hakuna kitu. Aibu gani ile! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga magoti kuomba radhi.

Ndani, mzee aliisikiliza posa yangu mpaka chai ikapoa.

"Binti tutawapa," akasema. "Kijana hana kosa. Ila siku ya kuja kumchukua, wewe mama ubaki Tanga."

Nilirudi Tanga jua limekwisha kukausha njia. Salimu nilimkuta barazani ananisubiri.

"Wamekubali," nikamwambia.

Akanikumbatia, machozi yanamtoka. "Dada, siku hiyo utatangulia wewe. Bibi harusi utamshika mkono wewe, nani mwingine?"

Nikainama, nisimtazame usoni. Viatu vyangu vilikuwa safi kabisa.